Ngome ya Mfalme Ludwig

Upande wa kusini wa nchi ya Ujerumani, karibu na mpaka wa Austria, kuna milima mirefu iitwayo Alps, ambayo vilele vyake hufunikwa na theluji wakati wa baridi. Sehemu hiyo ya nchi huitwa Bavaria, na zamani ilikuwa na mfalme wake mwenyewe. Chini ya milima hiyo kuna kijiji kidogo kiitwacho Hohenschwangau. Mtu asimamaye kijijini akiinua macho huona, juu ya jabali, ngome nyeupe yenye minara mirefu na myembamba. Jina lake ni Neuschwanstein. Huitwa ngome kwa sababu ya umbo lake tu, maana haikujengwa kwa ajili ya vita.

Mgeni atakaye kuiona huifuata njia ya mlima katikati ya miti, kwa miguu au kwa gari la farasi. Akiipita ngome kidogo hufika kwenye daraja la chuma, lililounganisha jabali na jabali juu ya korongo refu. Chini yake maji ya mto huanguka kwa kishindo, na mbele yake ngome huonekana yote pia.

Aliyeijenga ni Mfalme Ludwig wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1845. Katika utoto wake alikaa mara nyingi katika jumba la baba yake, lililo karibu na kijiji kile. Kuta za jumba hilo zilipambwa kwa picha za hadithi za kale, za mashujaa wapanda farasi, na mtoto alizipenda mno. Mwaka 1864 baba yake akafa, naye akawa mfalme akiwa na umri wa miaka 18 tu. Baada ya miaka miwili Bavaria ikashindwa vitani na Prussia, na mwaka 1871 ikaingizwa katika dola moja ya Wajerumani. Ludwig alibaki na taji yake, lakini nguvu zake zilipungua. Ndipo alipozidi kujitenga na watu, akaipenda milima, muziki, na zile hadithi za utoto wake.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1869. Michoro ya kwanza haikufanywa na fundi wa nyumba, bali na Christian Jank, mtu aliyezoea kuchora mandhari za michezo ya kuigiza. Kisha mafundi wakatafuta njia ya kuisimamisha michoro ile juu ya mwamba. Walipasua jabali kwa baruti, na mizigo wakaipandisha kwa mashine ya mvuke. Kuta ni za matofali, zimefunikwa kwa mawe meupe kwa nje.

Atazamaye kwa mbali hudhani kwamba ni jengo la kale sana. Lakini ndani yake mfalme alitia mambo mapya ya siku zile: mabomba ya maji, hewa ya moto ya kupasha vyumba joto, kengele za umeme za kuwaita watumishi, na simu pia. Katika chumba chake cha kulala mlikuwa na kazi nyingi ya nakshi, hata wachonga mbao 14 waliifanya kwa zaidi ya miaka minne.

Kazi hiyo yote ilitaka fedha. Ludwig alitumia mali yake mwenyewe, nayo ilipopungua akakopa, na kabla deni moja halijalipwa akaanza jengo jingine. Wazee husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Madeni yakawa makubwa, na mawaziri wake wakaogopa. Mwezi wa Juni 1886 waganga wakatangaza kwamba mfalme ana wazimu, ingawa hawakumpima wenyewe. Akaondolewa katika ngome yake, na siku ya pili, tarehe 13, akaonekana amekufa katika ziwa la Starnberg, yeye pamoja na mganga aliyemlinda. Jinsi walivyokufa haijulikani mpaka leo. Ludwig alikuwa na umri wa miaka 40.

Hazikupita wiki nyingi, milango ikafunguliwa, na watu wakaruhusiwa kuingia kwa kulipa. Nyumba aliyoijenga mtu apendaye upweke sasa huingiwa na watu zaidi ya milioni moja kila mwaka. Huonyeshwa ukumbi wa enzi, wenye dhahabu nyingi na sakafu iliyopambwa kwa picha za wanyama na mimea. Mwisho wa ukumbi kuna ngazi za marumaru nyeupe, zipandazo mahali pa kiti cha mfalme. Wageni huzitazama ngazi hizo, lakini juu yake hapana kitu: kiti hakikupata kutengenezwa.