Ukaguzi wa Kiini cha Jenereta, na Fundisho Lake kwa Mota za Vyama

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako. Kabla ya hapo mji huo ulitegemea mitambo ya dizeli. Gridi hiyo hulishwa na mashine kubwa, zikiwemo zile za Bwawa la Julius Nyerere zilizoanza kuzalisha umeme Februari 2024, kila moja ikiwa na uwezo wa megawati 235. Maji ya Mto Mbarang'andu, Namtumbo, huingia Mto Luwegu, kisha Rufiji, na kusaidia kuzizungusha. Yafaa basi wanachama wafahamu jinsi mashine za namna hiyo zinavyokaguliwa.

Kiini na hitilafu yake

Sehemu ya jenereta isiyozunguka huitwa stata. Kiini chake hupangwa kwa maelfu ya mabati ya chuma, kila moja likiwa na unene usiozidi nusu milimita na kupakwa vanishi. Vanishi huzuia umeme usipite kutoka bati moja hadi jingine. Ikikwanguzwa, mabati hugusana, mkondo usiotakiwa huzunguka ndani yake na joto hupanda. Hitilafu ikiachwa, chuma chaweza hata kuyeyuka na nyaya kuungua.

Majaribio mawili

Jaribio la kwanza hutia kiini usumaku unaokaribia ule wa kazini, kwa kupitisha kebo yenye umeme katika tundu lake. Kisha kamera ya joto huonyesha mahali palipo moto kuliko pengine. Jaribio la pili lilibuniwa Uingereza katika miaka ya 1970. Hilo hutumia asilimia 4 tu ya usumaku wa kazini, na chombo kidogo hupitishwa juu ya kiini kikipima mkondo. Kipimo kikizidi miliampea 100, mahali hapo huchunguzwa zaidi.

Mota ya chama

Mota ya mashine ya kusaga nayo ina kiini cha mabati. Nyaya zake zikiungua, wako mafundi wanaoichoma kwa moto wa kuni ili nyaya za zamani zitoke upesi. Moto huo huharibu vanishi. Mota iliyosukwa upya huzunguka vema, lakini hupata moto kupita kiasi, hula umeme zaidi, na huungua tena mapema. Chama hulipa mara mbili: kwa fundi na kwa umeme.

Kwa hiyo makatibu wanashauriwa:

1. Kukubaliana na fundi kwa maandishi kwamba mota haitachomwa kwa moto wa wazi, bali katika tanuri lenye kudhibitiwa joto.

2. Kudai kiini kipimwe kabla na baada ya kutolewa nyaya, na vipimo viandikwe.

3. Kuandika katika daftari la mashine ampea za mota inapozunguka bila mzigo, ili zilinganishwe baada ya kila matengenezo.

4. Kiini kikionekana kimeharibika, kuiarifu bodi ilinganishe bei ya mota mpya kabla ya kulipia kusuka.

Mota hiyo imenunuliwa kwa jasho la wanachama; haifai iharibiwe na moto wa dakika chache.