Homa ya Jumatatu isifike hospitali Alhamisi

AFYA – FIZI. Mchimbaji anashikwa na homa Jumatatu, akiwa ndani ya shimo. Anasema: "Ni kuchoka tu, itaisha." Jumanne ananunua vidonge vitatu kwenye kibanda cha dawa, bila kupimwa. Jumatano anatapika kila kitu. Alhamisi wenzake wanamuweka kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mtu wa kumshika asianguke, wanatoka Lubondja na kushika njia ya Baraka. Anapofika hajui tena jina lake. Akifa, familia inalia ikisema: "Hospitali imemuua!" Lakini tuhesabu siku vizuri: hospitali ilimuona siku moja, malaria ilikuwa naye siku nne.

Hakuna familia ya Fizi ambayo haijui habari ya namna hii. Waganga wanaita hiyo dharura ya kuzuilika. Iko ya aina mbili. Ya kwanza ni ugonjwa mwepesi ambao kituo cha afya cha karibu kingeutibu, lakini mgonjwa anapita mlango wa kituo na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa. Ya pili, na ndiyo inayoua zaidi kwetu, ni ugonjwa mwepesi ulioachwa mpaka ukawa mzito.

Hasara si ya mgonjwa mmoja tu. Tarehe 11 Septemba 2020, mashimo ya dhahabu yaliporomoka Kamituga juu ya mvua, na watu wapatao 50 wakafa. Siku kama hiyo, kila kitanda, kila chupa ya serumu na kila muuguzi wa "urgence" ni wa lazima. Kama vitanda vimejaa malaria iliyochelewa na kuhara kulikochelewa, aliyevunjika mgongo shimoni atalala wapi?

Mkubwa wa kituo ni muuguzi

Congo imegawanywa katika zone za afya 519, na Kivu ya Kusini iko na 34. Kwa mpango, kila zone inapaswa kuwa na hospitali kuu ya rufaa, na chini yake maeneo ya afya, kila moja na kituo chake. Katika vituo vingi vya kijijini hakuna daktari. Mkubwa ni muuguzi, yule tunayemuita "titulaire". Yeye ndiye anapima, anatunza dawa na pesa, anaongoza wauguzi wengine, anaandika ripoti, na anakaa na wazee pamoja na kamati ya afya, CODESA. Akiongoza vizuri, hospitali inapumua. Akilala, watu wote wanakimbilia Baraka.

Mambo haya si mapya. Katika miaka ya 1970, jirani zetu wa Kasongo, Maniema (wakati ule Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu), walijenga mtandao wa vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi, wakisaidiana na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp. Kila kituo kilijua watu wake, na hospitali ilipokea wale waliotumwa. Utafiti uliotolewa mwaka 1988 na Pangu Kaza Asila na Wim Van Lerberghe ulionyesha kwamba vituo vilipofunguliwa, kulazwa hospitali kwa magonjwa yanayoweza kutibiwa mapema kulipungua. Hawakuwa na mashine kubwa. Walikuwa na muuguzi aliyefundishwa, dawa za lazima, na daktari aliyewatembelea kila mara.

Kazi tano za kiongozi

Ya kwanza ni kuchambua wagonjwa mlangoni. Aliyefika wa kwanza si lazima aonwe wa kwanza. Muuguzi mmoja apite kwenye benchi kila asubuhi, atazame nani anapumua mbio, nani hawezi kukaa, mtoto gani amelegea. Hao waingie mbele. Kazi hii inataka macho tu, haina gharama.

Ya pili ni kufuata saa ya machimbo. Mchimbaji anashuka asubuhi na kupanda jioni. Kituo kinachofunga saa tisa mchana kinamwambia mchimbaji: wewe si wetu. Zamu ya jioni, hata ya muuguzi mmoja mwenye kipimo cha haraka cha malaria, inakamata homa siku ya kwanza.

Ya tatu ni RECO, wale wajitoleaji wa kijiji. Pale ambapo kuna kituo kidogo cha matunzo ya kijamii, wamefundishwa kutibu watoto wa chini ya miaka 5 wenye malaria, kuhara na nimonia isiyo kali. Lakini RECO asiyetembelewa na asiyepewa dawa anabaki na jina tu. Titulaire akae nao kila mwezi, ahesabu dawa, asikilize uvumi unaotembea. Na kwa nini PDG wa mashimo asichague RECO kati ya wachimbaji wenyewe, na mwingine kati ya mama twangaises?

Ya nne ni pesa, na hapa tuseme ukweli. Wauguzi wengi hawako kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Wanaishi na malipo ya wagonjwa. Kwa hiyo muuguzi anaweza kuchelewesha transferi juu ya kuogopa kupoteza mgonjwa, na mgonjwa anaweza kuchelewa kuja juu ya kuogopa deni. Dawa yake ni bei moja inayojulikana, imebandikwa ukutani, imekubaliwa na CODESA. Kikundi cha shimo kinaweza pia kuweka kitu kidogo kwenye sanduku kila mara dhahabu inapouzwa. Pesa ya pikipiki ya usiku isitafutwe usiku.

Ya tano ni kusoma daftari. Kila Ijumaa, titulaire na wenzake wachukue majina ya waliotumwa hospitali wiki hiyo na kuuliza: huyu aliumwa tangu siku gani? Alipita wapi kwanza? Tungefanya nini? Hospitali nayo irudishe karatasi yenye jibu. Bila jibu, kituo hakijifunzi chochote.

Nyumbani, tujue nini?

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au anayelala bila kuamka: huyo asingoje asubuhi. Mtu mzima anayechanganyikiwa, anayekojoa mkojo mweusi au anayepumua kwa shida, ni vile vile. Mama mwenye mimba anayetoka damu, au anayeumwa sana kichwa na kuona giza, aende mara moja.

Kuhara: anza kunywesha pale pale. Kama hakuna paketi ya chumvichumvi, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Fizi na Baraka zinajua kolera. Choo kikiwa kama maji ya mchele, endelea kunywesha mukiwa njiani.

Dawa ya malaria inamalizwa siku zote 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Kikohozi kilichopita wiki 2 kipimwe, kwa maana vumbi la mawe linaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango. Na merkuri isichomwe ndani ya nyumba, karibu na watoto wala chakula.

Upele unaofuatana na homa nao usifichwe. Mpox ya aina mpya ilijulikana kwanza Kamituga, mwaka 2023, kati ya watu wa machimbo kama sisi. Anayekuja mapema anatunzwa na anakinga wenzake.

Ambayo muuguzi hawezi peke yake

Titulaire hawezi kutengeneza barabara, wala kufukuza wenye bunduki. Mwaka 2020, MSF ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kazi zake Fizi baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa. Dawa zikikosekana kwenye depo, uongozi mzuri hautazizaa. Hayo ni ya Serikali, ya zone, na ya kila mwenye silaha anayejua kwamba naye ana mtoto.

Lakini mkutano wa CODESA ni wetu. Nenda, mchimbaji, nenda, mama. Uliza maswali matatu tu: Kituo kinafungwa saa ngapi? Bei imebandikwa wapi? Mwezi uliopita tulituma wangapi hospitali, na wangapi walichelewa? Titulaire mzuri hatakasirika. Atafungua daftari.