Pompi imekosa pumzi: siku mbili garajini Mulongwe

Pompi ilifika kwenye garaji moja ya Mulongwe siku ya kwanza asubuhi, imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira, matope ya shimo yamekauka juu yake kama ganda. Ilitoka upande wa Misisi, kule Fizi. Vijana wawili walioileta walikuwa wamelala njiani usiku mmoja, na neno lao lilikuwa fupi: haivuti tena. Maji yamepanda shimoni, ekipe nzima imekaa juu mikono mitupu, PDG wa shimo anapiga simu kila saa, na mwenye duka amekataa kuongeza deni la unga. Sisi wa ukurasa huu tulikaa nao siku mbili, juu maneno tuliyoyaona pale yanawahusu wengi wenu, hata nyie wa Kamituga, hata wandugu wanaomwagilia mpunga kule Luvungi.

Wandugu, mbele ya kugusa boloni hata moja, tuulize kwanza: moteri ndiyo imechoka, ama ni pompi yenyewe? Mpira wa kuvutia ukipasuka kidogo tu, pompi inakunywa hewa badala ya maji. Chujio likizibwa na matope, ni vile vile. Fundi aliondoa mpira ule mrefu, akafunga kipande kifupi, akajaza pompi maji, akaitia kwenye pipa. Moteri ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu, maji yakatoka kama mkojo wa mbuzi. Basi ugonjwa uko kwenye moteri. Na kamba ya kuwashia ilikuwa imekwisha kusema: ilikuja nyepesi mkononi, kama kamba ya kisima isiyo na ndoo.

Uzito ule unaousikia ukivuta kamba ndio kompresio. Pistoni inapanda, inabana hewa na esanse mpaka vinabaki kwenye nafasi ndogo sana. Kwa hizi moteri ndogo, kama sehemu moja ya nane ama ya tisa ya nafasi ya mwanzo. Hapo buji inapiga moto. Kama hewa inatoroka mbele ya moto kuja, hakuna nguvu, hata uweke esanse ya namna gani. Na milango ya kutorokea ni mitatu: segma zinazozunguka pistoni, supape mbili, na ile karatasi ngumu inayolala chini ya kulasi.

Kujua ni mlango gani hakuhitaji mashine ya bei. Ondoa buji, mwaga kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya moteri kwenye tundu, rudisha buji, vuta kamba. Kama uzito umerudi, segma zimechoka ama zimekwama, sababu mafuta yameziba nafasi yao kwa muda. Kama hakuna kilichobadilika, tafuta kwenye supape ama kwenye karatasi ya kulasi. Wengine wanapenda kutumia manometri. Ni chombo kizuri, lakini moteri nyingi za aina hii zina kijiti ndani kinachofungua supape ya moshi kidogo wakati wa kuvuta kamba, ili mkono usiumie. Basi manometri inasoma chini hata moteri ikiwa nzima, na mtu anauziwa segma ambazo hazihitaji.

Fundi wetu alikuwa na njia yake. Alichukua buji ya zamani, akavunja udongo wake wa ndani, akauchomelea mdomo wa mpira wa gurudumu. Akaweka pistoni juu kabisa, supape zote mbili zimefungwa, akashika gurudumu la moteri kwa nguvu ili lisizunguke ghafla, akaingiza hewa ya kompreseri polepole. Kisha akatuambia tusikilize. Hewa ikipuliza kwenye karburateri, ni supape ya kuingiza. Ikitoka kwenye bomba la moshi, ni supape ya kutoa. Ikitoka pale tunapomwagia mafuta, ni segma. Ya Misisi ilipuliza mahali pawili: bomba la moshi na tundu la mafuta.

Jioni ile hatukufungua kitu. Alimwaga mazutu iliyochanganywa na mafuta ya moteri kwenye tundu la buji, akazungusha kidogo kwa mkono, akaacha ilale usiku kucha. Maana mara nyingi segma haijaisha; imeshikwa tu na makaa ndani ya mfereji wake, haiwezi kutanuka na kugusa ukuta wa silindri. Mazutu inalegeza makaa hayo. Asubuhi unavuta kamba mara nyingi buji ikiwa nje, na uso ukiwa mbali na tundu, mpaka mchuzi wote mweusi utoke. Kisha unabadilisha mafuta ya chini bila kukosa, juu mazutu imeshuka huko na kuyafanya mepesi kama maji. Pompi nyingine zinaponea hapo. Yetu ilipata nafuu ya robo tu, basi ikabidi ifunguliwe.

Ndani kulikuwa kweusi kama chini ya sufuria ya mama anayepika na kuni. Vijana walikubali bila kubishana: sponji ya filtri walikwisha kuitupa zamani, ili moteri ipumue vizuri. Hapa tuseme wazi, hilo ndilo lililoiua. Vumbi la mawe ya shimo likiingia na hewa linafanya kazi ya msasa, linakula silindri na segma pamoja. Segma zikiisha, mafuta yanapanda juu, yanaungua, yanakuwa makaa. Makaa yanakwamisha segma zaidi. Ongeza esanse ya chupa iliyochanganywa na petroli ya taa, ongeza starteri inayoachwa imefungwa kutwa nzima, na mafuta ambayo hayajabadilishwa toka walipoinunua.

Makaa juu ya pistoni na kwenye kulasi yalikwanguliwa kwa kijiti cha mti mgumu na kipande cha aluminiumu. Turnavisi ya chuma hapana: inachora alama, na kila alama ni kitanda cha makaa mapya. Mifereji ya segma ilisafishwa kwa kipande cha segma ya zamani iliyovunjwa, kinaingia sawasawa. Supape ya moshi ilikuwa na madoa ya kuungua kwenye ukingo. Ikapakwa dawa ya kusagia, ikazungushwa kwa mikono, kulia na kushoto, mpaka pete ya kijivu ikaonekana bila kukatika. Kisha akamwaga esanse nyuma yake na kungoja. Hakuna tone lililopita.

Silindri ndiyo ilileta woga. Kwa moteri ya Honda GX160, na zile za Kichina zilizofuata umbo lake, silindri mpya ina upana wa milimita 68. Ikizidi hapo kwa kama sehemu 16 za mia ya milimita, segma mpya ni pesa ya bure. Fundi alisukuma segma mpya ndani, akapima nafasi ya ncha zake kwa kale: ilikuwa chini ya nusu milimita. Mpaka wa mwisho ni milimita 1, basi tulikuwa na bahati. Ukuta uliokuwa unang'aa kama kioo ukapigwa msasa mwembamba kwa mistari ya kupishana, ili ushike mafuta, na ukaoshwa kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Wengi wanaosha kwa esanse peke yake. Unga wa msasa unabaki, na nyuma ya wiki mbili pompi inarudi na aibu.

Segma ziliwekwa alama ikitazama juu, na ncha zake hazikupangwa mstari mmoja. Karatasi ya kulasi ilikuwa mpya, boloni zikakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo. Supape zikapimwa moteri ikiwa baridi: milimita 0.15 ya kuingiza, 0.20 ya moshi.

Wakati tunangoja, mmoja wa vijana aliuliza kama ni kweli kuna gari zisizo na pistoni. Ni kweli. Mjerumani Felix Wankel alibuni moteri yenye chuma cha pembe tatu kinachozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la nane lililonenepa, na Mazda imeuza gari zake toka 1967. Ya mwisho kujulikana sana, RX-8, ilitoka kati ya 2003 na 2012. Haina supape hata moja, lakini makaa hayaiachi: yanakwamisha vile vibati vya kwenye pembe, na kompresio inaondoka. Dawa yake inafanana na yetu, kulegeza kwa mafuta usiku kucha, na ikishindikana, kufungua. Moteri hiyo inakula mafuta kwa kusudi, basi anayeinunua bila kuangalia kipimo kila anapotia esanse ataijutia.

Sasa neno ambalo fundi alilisema na sisi tunalirudilia kwa sauti. Vijana wale walikuwa wameteremsha pompi ndani ya shimo, kwenye ngazi ya mita kama kumi, sababu ikiwa juu haivuti. Haikuwa kosa la moteri. Pompi inavuta kwa msaada wa uzito wa hewa, na hapa kando ya ziwa, mita 770 hivi juu ya bahari, hesabu ya karatasi inafika mita 9 na kitu. Kazini ni 6 ama 7. Milimani ya Mwenga ni chini ya hapo. Moteri mpya kabisa haitapita mpaka huo. Na ukiishusha, moshi wake unajaza shimo gazi isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, usingizi unakuja, na anayeshuka kumtoa mwenzake analala juu yake. Mama kadhaa wanaosoma hapa wanajua vizuri kuliko sisi. Shimo likipita mita 6, ni gurupu ya umeme ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, upepo ukipeleka moshi upande mwingine, na pompi ya umeme ndiyo izame.

Vijana waliondoka siku ya tatu mchana. Kamba ilikuwa nzito, hata mmoja wao alibadilisha mkono. Waliagizwa kutoiacha ikinguruma bila kazi, kumwaga mafuta ya kwanza nyuma ya saa 20, na baadaye kila saa 100, ama 50 kwenye vumbi kama lao. Pompi inayofanya kazi usiku na mchana inamaliza saa 100 kwa siku nne na kidogo. Walinunua sponji mbili za filtri, na mkubwa wao akauliza bei ya pompi ya umeme, akaiandika kwenye kiganja.