Kinyesi na Samadi

Katika tafsiri za vijitabu vya ufugaji tumekuta "choo cha mbuzi" kikitajwa kwa maana ya kinyesi. Msomaji huweza kudhani mbuzi ajengewe choo cha shimo, ilhali mnyama huyu, tofauti na paka afukiaye chake, hudondosha vidonge popote, hata akiwa anatembea. Ndiyo sababu banda lake huinuliwa, na mbao za sakafu zikaachiwa nafasi vidonge vipite. Tunapendekeza kinyesi kwa kile kitokacho mnyamani, na samadi kwa kilichokwisha kuoza kikawa mbolea. Tofauti hii si ya mapambo: mkulima aambiwaye atie samadi katika mchicha, akatia kinyesi kibichi, huweza kupeleka vijidudu vya maradhi mezani. Mavi nalo ni Kiswahili safi, ila darasani huleta kicheko.