Goti Hungoja, Kichwa Hakina Badala

Katika jiji la Melbourne, kusini ya Australia, mwezi wa Novemba huwa ni mwezi wa maneno mengi. Fainali kuu ya kandanda imekwisha kuchezwa, viwanja vimenyamaza, nao wachezaji wamo mapumzikoni. Lakini washabiki hawana mapumziko. Garimoshini asubuhi, kazini wakati wa chai na jioni mezani pa chakula, mazungumzo yao ni mawili tu. La kwanza: klabu yetu itamchagua kijana gani mwaka huu? La pili: yule mchezaji wetu aliyeumia, atarudi lini?

Maswali hayo yaonekana kuwa mbalimbali, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili ni maswali ya watu wanaongoja, na anayengoja hupenda kupewa tarakimu: kijana huyu ni wa ngapi, na goti lile limebakiwa na miezi mingapi. Lakini mwili wa binadamu hauna desturi ya kutii tarakimu za washabiki. Kisa cha vijana watatu, waliochaguliwa wa kwanza, wa pili na wa tatu mwezi wa Novemba mwaka 2014, ni ushahidi wa kutosha.

MCHEZO NA UCHAGUZI WAKE

Yafaa msomaji afahamu kwanza kwamba kandanda ya Australia si mpira wa miguu unaochezwa Afrika ya Mashariki. Uwanja wake ni wa umbo la yai, na mpira wenyewe pia. Kila upande huwa na watu 18 uwanjani. Mchezaji aweza kuupiga mpira kwa mguu, kuudaka kwa mikono, au kuushika kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili ili umfikie mwenzake. Kuutupa ni marufuku. Kila mwisho wa uwanja pana milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati huleta pointi 6, na ule uliopita kati ya mlingoti wa katikati na wa pembeni huleta pointi 1. Sheria za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Ni mchezo wa kukimbia sana, kuruka juu na kugongana kwa nguvu, nao wachezaji walio wengi hawavai chochote cha kuwakinga vichwa.

Ligi kuu, ambayo kwa kifupi huitwa AFL, ilikuwa na klabu 18 mwaka huo wa 2014. Tangu mwaka 1986 ligi hiyo huwagawa vijana wapya kwa utaratibu maalum: klabu iliyoshika mkia katika msimu uliopita hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua, iliyo juu yake hufuata, hivyo hivyo mpaka kwa bingwa. Shabaha yake ni kuzuia wenye nguvu wasiwameze wanyonge daima. Kijana mwenyewe hachagui pa kwenda. Hali yake ni kama ya kuruta aliyemaliza mafunzo: hukaa kimya, jina husomwa, naye hufunga mizigo.

Kabla ya siku hiyo vijana hupimwa mbio za kasi za mita 20, kuruka juu, na stahamala ya kukimbia muda mrefu. Washabiki huyasoma matokeo kama wafanyabiashara wasomavyo bei za sokoni, kila mtu akajifanya mtaalamu.

KLABU MBILI ZENYE NJAA

Mwaka 2014 klabu ya St Kilda ilishika mkia. Iliyoitangulia kwa nafasi moja tu ilikuwa klabu ya Melbourne, iliyo kongwe kuliko zote katika ligi. Kila moja ilishinda mechi 4 tu kati ya 22. St Kilda walikuwa wametwaa ubingwa mara moja tu katika historia yao, mwaka 1966, tena kwa tofauti ya pointi moja. Melbourne walikuwa hawajauona ubingwa tangu mwaka 1964. Pande zote mbili palikuwa na wazee waliokuwa vijana wakati wa ushindi huo wa mwisho, na wajukuu waliousikia kama hadithi.

Basi mjadala ulipoanza, haukuwa mchezo. Majina mawili ndiyo yaliyotajwa zaidi. Paddy McCartin alikuwa mshambuliaji mrefu, hodari wa kudaka mipira ya juu, kijana aliyeishi na ugonjwa wa kisukari tangu utotoni bila kuuacha umzuie. Christian Petracca alikuwa kijana mpana wa mabega, mwenye nguvu za kuchukua mpira katikati ya msongamano wa watu. Mshabiki mmoja wa St Kilda angesema kwamba nahodha wao, Nick Riewoldt, mshambuliaji mrefu aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2000, alikuwa anazeeka, hivyo lazima mrithi wake atafutwe mapema. Mwenzake angemjibu kwamba mechi hushindwa katikati ya uwanja, na kwamba mshambuliaji asiyeletewa mpira ni sawa na bunduki isiyo na risasi.

St Kilda wakamchagua McCartin. Melbourne, waliokuwa na nafasi ya pili na ya tatu kwa kuwa walipewa fidia ya mchezaji aliyewahama, wakamchagua Petracca, kisha Angus Brayshaw, kijana wa kiungo asiyechoka. Usiku ule washabiki wa klabu zote mbili walilala na furaha. Kila mmoja aliamini kwamba ameyaona mapambazuko.

GOTI LA PETRACCA

Furaha ya Melbourne haikutimiza miezi mitatu. Februari 2015, kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi, Petracca aliumia goti mazoezini. Kano iliyokatika ni ile ipitayo ndani ya goti na kuufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kano hiyo ndiyo inayolizuia goti lisiteleze mtu anapogeuka ghafula, na katika mchezo wa kugeuka kila mara, aliyeikosa hana kazi.

Kano hiyo ikikatika kabisa ni nadra kuunga yenyewe vizuri. Daktari wa upasuaji huchukua kipande cha kano kutoka mahali pengine mguuni na kukipandikiza ndani ya goti. Baada ya hapo hakuna njia ya mkato. Kipandikizi huhitaji miezi mingi kukomaa. Mgonjwa huanza kwa kujifunza kunyoosha na kukunja goti, kisha kutembea, kisha kujenga upya misuli ya paja iliyonyauka, kisha kukimbia mstari mnyoofu, na mwisho kabisa kugeuka na kugongana. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua miezi 9 hadi 12, na anayeharakisha hujitia katika hatari ya kulikata goti kwa mara ya pili.

Msimu mzima wa 2015 ukapita hivyo. Washabiki walihesabu wiki. Wengine walianza kunong'ona kwamba klabu yao ina mkosi, na kwamba hata walichopewa kwa kushindwa nacho kimevunjika. Petracca alicheza mechi yake ya kwanza mwaka 2016. Hakung'ara kwa siku moja. Alihitaji misimu kadhaa ya kujijenga.

Tarehe 25 Septemba 2021 fainali kuu ilichezwa katika jiji la Perth, upande wa pili wa nchi, kwa sababu ya maradhi ya korona. Melbourne waliwashinda Western Bulldogs kwa pointi 140 kwa 66, wakatwaa ubingwa baada ya miaka 57. Petracca ndiye aliyepewa nishani ya mchezaji bora wa fainali. Nishani hiyo yaitwa kwa jina la Norm Smith, yule kocha aliyewaongoza Melbourne katika ushindi wao wa mwaka 1964. Mstahimilivu hula mbivu, na siku hiyo wapo waliokula wakiwa na mvi.

KICHWA CHA McCARTIN

Upande wa St Kilda mambo yalikwenda kinyume. Goti la McCartin lilikuwa zima. Kilichoumia ni kichwa. Katika miaka michache alipata mtikisiko wa ubongo mara nyingi. Kila mara washabiki waliuliza swali lile lile: atarudi lini? Na kwa kuwa hapakuwa na bandeji wala magongo ya kutembelea, wako waliodhani kwamba mtu anayeonekana mzima ni mzima. Msimu wa 2019 hakucheza ligi kabisa, na mwisho wake klabu ikaachana naye. Kwa muda wa miaka mitano alikuwa amecheza mechi 35 tu.

Wasiojua uchungu walianza kumtumia kama mfano wa uchaguzi mbaya. Walisema kwamba St Kilda wangemchukua Petracca historia ingekuwa nyingine. Maneno hayo ni rahisi kusemwa nyuma ya mambo. Hakuna kipimo cha mbio wala cha kuruka kinachoweza kutabiri kiwiko cha nani kitagonga kichwa cha nani baada ya miaka miwili.

McCartin alipumzika, akapata nafuu, na mwaka 2022 akarudi katika ligi akiwa na klabu ya Sydney, sasa akiwa beki, akicheza bega kwa bega na mdogo wake, Tom. Mwaka huo walifika fainali kuu pamoja, ingawa walishindwa na Geelong. Wengi walifurahi hata wasio wa Sydney. Lakini Aprili 2023 aligongwa tena kichwa, na mwaka huo huo akauacha mchezo. Alikuwa na umri wa miaka 27.

KOFIA YA BRAYSHAW

Wa tatu wao, Brayshaw, naye alipata mitikisiko ya ubongo mapema, akaanza kuvaa kofia laini ya kukinga kichwa. Kofia hiyo huzuia michubuko na majeraha ya ngozi, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Hata hivyo alisimama imara, akawa mmoja wa mabingwa wa 2021. Septemba 2023, dakika za mwanzo za mechi dhidi ya Collingwood, mpinzani aliyeruka kuuzuia mpira wake alimwangukia, naye akapoteza fahamu palepale. Baraza la nidhamu halikumtia mpinzani hatiani, lakini ligi ikabadili kanuni zake kuhusu wajibu wa mchezaji anayeruka namna hiyo. Februari 2024, akiwa na miaka 28, Brayshaw alistaafu kwa ushauri wa madaktari.

Hivyo katika vijana watatu wa kwanza wa mwaka 2014, wawili walisimamishwa na kichwa. Aliyevunjika goti kabla hata hajaanza ndiye aliyeendelea kucheza. Ni nani miongoni mwa washabiki wa Novemba ile angeweza kukisia hivyo?

NAMBA SI MTU

Mfano mwingine wahusu Afrika ya Mashariki yenyewe. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan. Alihamia Australia akiwa mtoto, huko akajifunza mchezo ambao Kakuma haukujulikana. Mwaka 2013 klabu ya Sydney ilimchagua akiwa wa 44. Namba hiyo haikumfanya mtu yeyote aandike wimbo. Mwaka 2021, akiwa na klabu ya Port Adelaide, aliteuliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima. Namba ya uchaguzi huonyesha macho ya wachaguzi yaliona nini siku ile, wala haionyeshi zaidi ya hapo.

UJASIRI WA KUTII DAKTARI

Yako mafunzo hapa kwa askari, polisi na jamaa zao, ambao nao huishi kwa kutegemea miili yao. Juni 2024 Petracca yule yule aligongana vibaya na mpinzani. Alitoka, kisha akarudi uwanjani akacheza kwa maumivu. Hospitali ilikuja kugundua kwamba mbavu zake nne zilikuwa zimevunjika, pafu limetoboka, na wengu umechanika. Msimu wake uliishia hapo, na alirejea mwanzoni mwa msimu wa 2025. Washabiki walimsifu kwa ushujaa, lakini wengi walitetemeka walipofahamu aliyokuwa amebeba mwilini aliporudi mchezoni. Ushujaa usiojua kusimama waweza kumgharimu mtu uhai.

Ligi imejifunza kwa gharama. Tangu mwaka 2021 mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo hawezi kucheza mechi kabla ya siku ya 12, hata akiapa kwamba yu mzima.

Nyumbani nako kanuni hiyo yafaa. Mtu akigongwa kichwa katika mazoezi, mpirani, au akianguka kutoka kwenye baiskeli, asirudishwe kazini wala mchezoni siku hiyo. Jamaa zake wamwangalie: kama anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, ametapika, amesahau yaliyotokea, au tabia yake imebadilika, apelekwe kwa daktari. Hali ikizidi kuwa mbaya, au akitapika mara kwa mara, akapatwa na degedege, au ikawa vigumu kumwamsha, hapo ni jambo la kukimbilia hospitali usiku ule ule. Mke au mama asikubali kuambiwa, "Ni kidogo tu, nimezoea." Ubongo hauna mazoea ya kupigwa.

Huko Melbourne kila Novemba majina mapya husomwa, na wazee kwa wajukuu hubishana upya. Si vibaya, kwani mtu asiyetumaini hana mchezo. Lakini washabiki waliofuatilia vijana watatu wa 2014 wamejifunza kuligeuza lile swali lao la pili. Badala ya kuuliza mchezaji atarudi lini, wako wanaouliza kwanza kama amepona.