MANOWARI BEIRA, MAFUTA LOURENÇO MARQUES

Mtu akiufunga mlango wa mbele wa nyumba yake kwa makomeo mawili, akaweka na askari mwenye bunduki, kisha akauacha mlango wa uani wazi usiku kucha, majirani watamwelewa vipi? Wako watakaosema ni mjinga. Na wako watakaosema kwamba hakuwa na nia ya kufunga tangu mwanzo. Sisi, baada ya kuzitazama habari za mafuta ya petroli yaliyokuwa yakiingia Rhodesia ya Ian Smith kwa muda wa miaka kumi na minne, tumo katika kundi hili la pili, na leo twapenda kuwaeleza wanachama na wafanyakazi kwa nini tumefika hapo.

Tarehe 11 Novemba, 1965, Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao wenyewe. Walowezi hao walikuwa kiasi cha laki mbili na ushei, nao walikusudia kuendelea kuwatawala Waafrika zaidi ya milioni 4, katika nchi ambayo tangu mwaka 1930 sheria ya kugawa ardhi ilikuwa imekwisha kuwapa Wazungu karibu nusu yake, tena nusu iliyo bora. Uhuru wa namna hiyo ulikuwa ni uhuru wa bwana kumfunga mtumwa wake bila ya kuulizwa na mtu. Serikali ya Kiingereza, ambayo kwa sheria ndiyo iliyokuwa na dhamana ya koloni hilo, ilikataa kupeleka majeshi. Ilisema kwamba silaha yake itakuwa ni vikwazo vya uchumi. Na katika vikwazo hivyo, kilichotegemewa kuliko vyote kilikuwa ni kizuizi cha mafuta, kilichotangazwa tarehe 17 Desemba, 1965.

Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Rhodesia haikuwa na tone la mafuta ardhini mwake, wala haikuwa na pwani. Mafuta yasiyosafishwa yalishushwa katika bandari ya Beira, katika Msumbiji iliyokuwa ikitawaliwa na Wareno, yakapita katika bomba la urefu wa kilomita 300 hivi, hata mtambo wa Feruka ulio karibu na mji wa Umtali, ambao leo ni Mutare. Ukiliziba bomba hilo, mtambo unazimika. Mwezi Januari, 1966, Waziri Mkuu wa Uingereza, Bwana Harold Wilson, aliwaambia viongozi wa Jumuiya ya Madola waliokutana Lagos kwamba utawala wa Smith ungeweza kwisha katika muda wa majuma, si miezi.

Kweli bomba liliziba, na mtambo wa Feruka ulizimika mwezi huohuo. Mwezi wa Aprili meli iitwayo Joanna V ilipofika Beira na shehena ya mafuta, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikutana, na tarehe 9 Aprili, 1966, likaipa Uingereza ruhusa ya kutumia nguvu kuzizuia meli za namna hiyo zisifike Beira. Tangu hapo manowari za Kiingereza zikawa zinazunguka katika maji ya Beira, mchana na usiku, hata Juni, 1975, Msumbiji ilipopata uhuru wake. Manowari 76 zilishika zamu kwa nyakati mbalimbali katika miaka hiyo tisa. Mabaharia wao hatuwalaumu. Waliambiwa walinde mlango, nao waliulinda.

Lakini ruhusa ile ilikuwa ya Beira, na Beira peke yake. Kusini zaidi katika pwani ileile iko bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, nako hakukuwa na manowari hata moja ya kuzuia mafuta. Meli ziliingia kama kawaida. Mafuta yaliyokwisha kusafishwa yalipakiwa katika mabehewa ya matangi, yakapelekwa kwa reli hadi mpakani Malvernia na kuingia Rhodesia. Hayo mbali na yale yaliyopitia Afrika Kusini, ambako katika miezi ya kwanza makaburu walikuwa wakiwachangia ndugu zao mapipa ya petroli kama watu wachangiao harusi. Ni kweli kwamba walowezi walipimiwa petroli kwa vyeti tangu mwishoni mwa Desemba, 1965. Mwaka 1971 vyeti hivyo viliondolewa, maana mafuta yalikuwa yakitosha.

Je, mafuta hayo yalikuwa ya nani? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Hayakuletwa na maharamia wa baharini, wala na wachuuzi wa magendo wavukao mto usiku. Kampuni zilizokuwa zikiuza mafuta Rhodesia kabla ya uasi zilikuwa tano: Shell na BP za Uingereza na washirika wao Waholanzi, Mobil na Caltex za Marekani, na Total ya Ufaransa. Kampuni hizohizo ndizo zilizoendelea kuilisha Rhodesia baada ya uasi. Na katika hizo, BP ilikuwa na mwenye hisa mmoja mkubwa aliyeshika karibu nusu ya kampuni yote. Mwenye hisa huyo ni Serikali ya Kiingereza. Msomaji na atue hapa kidogo. Serikali iliyotuma manowari kuzuia mafuta yasimfikie Smith ilikuwa ikichukua gawio la faida kutoka katika kampuni iliyompelekea Smith mafuta.

Namna kazi ilivyofanywa yastahili kuelezwa, kwa kuwa mfanyakazi aliyekaa katika ofisi ya forodha au ya stesheni ataitambua mara moja. Kampuni ya Shell ya Msumbiji iliandikishwa Uingereza, na kwa hiyo ilibanwa na sheria ya Uingereza. Basi haikufaa ankara iandikwe kwa jina la mnunuzi wa Rhodesia. Akatafutwa mtu wa kati: kampuni ya uchukuzi ya Afrika Kusini, jina lake Freight Services. Kwenye karatasi, Shell iliwauzia Freight Services, mteja wa Afrika Kusini, asiyekatazwa na sheria yoyote. Freight Services ndio waliopeleka mafuta kwa Genta, wakala aliyeundwa na utawala wa Smith kununua mafuta. Karatasi zilikwenda Johannesburg, na mabehewa yakaenda Salisbury. Mafuta yenyewe hayakupata kuiona Johannesburg.

Mwaka 1968 mambo yalianza kunuka, na wakubwa wa kampuni wakaogopa kwamba siku moja Serikali ya Kiingereza itaulizwa hadharani. Hapo ukabuniwa werevu mwingine. Total ikachukua kazi ya kupeleka Rhodesia ile sehemu ya mafuta ambayo Shell na BP walikuwa wakiipeleka. Na Shell na BP wakawapa Total mafuta ya kiasi hicho hicho ndani ya Afrika Kusini. Smith hakupungukiwa na galoni hata moja, ila sasa waziri angeweza kusimama Bungeni London na kusema kwamba hakuna kampuni ya Kiingereza ipelekayo mafuta Rhodesia, na kwa herufi za sheria asiwe amesema uwongo. Mwezi Februari, 1968, wakuu wa kampuni walimweleza jambo hili waziri aliyeshughulikia Jumuiya ya Madola, Bwana George Thomson. Serikali haikuusimamisha mpango huo. Ulidumu hata mwaka 1971, kisha mafuta ya Kiingereza yakarudi kwenda Rhodesia kwa njia ya zamani. Wale tuliofundishwa Maandiko shuleni twakumbuka habari za liwali aliyeagiza maji akanawa mikono mbele ya makutano. Yeye angalau alinawa mara moja.

Watetezi wa makampuni hutujibu kwamba biashara haina siasa, kwamba matawi yao ya Afrika Kusini yalibanwa na sheria za Afrika Kusini, na kwamba muuzaji hawezi kumfuata mnunuzi hadi jikoni kwake. Jibu hilo halitutoshi. Ofisi za London hazikuwa gizani. Zilijua njia, zilijua mtu wa kati, na zilikaa kitako kubuni mpango wa kubadilishana. Lakini ndani ya utetezi huo imo punje ya kweli ambayo yatufaa sisi kuliko inavyowafaa wao. Soko la Rhodesia lilikuwa dogo. Hakuna kampuni kubwa ya mafuta duniani ambayo ingefilisika kwa kulikosa. Kubwa lilikuwa soko la Afrika Kusini, pamoja na mitambo na mitaji mingi ya Kiingereza iliyokuwa imewekwa huko katika madini, benki na viwanda. Kumkata Smith sawasawa kungemaanisha kuikabili Pretoria, na Serikali ya Kiingereza, iwe ya chama hiki au kile, haikuwa tayari kuikabili Pretoria. Kwa hiyo Mwafrika wa Rhodesia aliwekwa chini ya mguu wa mlowezi ili faida za Johannesburg zisitikisike.

Wamarekani nao hawakuchelea. Mwaka 1971 Bunge lao lilipitisha sheria iliyoruhusu kununua madini ya kromu kutoka Rhodesia, kinyume cha azimio la Umoja wa Mataifa ambalo nchi yao wenyewe ililipigia kura, nayo haikuondolewa hata Machi, 1977. Na kura ya turufu ya kwanza kabisa ambayo Marekani ilipata kuitumia katika Baraza la Usalama, mwezi Machi, 1970, ilihusu Rhodesia.

Sasa tuwatazame waliolipa. Desemba, 1965, Smith alipokatiwa mafuta ya Beira, naye akaikatia Zambia, kwa kuwa mafuta ya Zambia yalitoka kwake. Shaba ya Zambia ilisafiri kwa reli ya Rhodesia. Hata umeme wa Kariba ulizalishwa upande wa kusini wa mto, mikononi mwa Smith. Nchi yenye uhuru wa mwaka mmoja na miezi miwili ikajikuta inaletewa petroli ndani ya mapipa kwa ndege. Kisha kazi ikahamia barabarani: kutoka bandari yetu ya Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, hadi Tunduma na kuendelea. Barabara ile ilikuwa ya udongo katika sehemu kubwa. Wakati wa masika malori yalizama hadi ekseli, mengine yakapinduka na shehena yake, na Waingereza wenyewe waliiita njia ya Jehanamu. Madereva na utingo waliopita huko, Watanzania kwa Wazambia, hawakuandikwa katika ripoti yoyote ya Baraza la Usalama. Ndio waliobeba kizuizi cha mafuta migongoni mwao, wakati mafuta ya mlowezi yakisafiri kwa gari moshi. Hali hiyo ilipungua mwaka 1968 bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,700 hivi, lilipokwisha, na baadaye reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976.

Tanzania ililipa na kwa fungu lingine. Nchi huru za Afrika ziliazimia kuvunja uhusiano na Uingereza endapo Smith hatakuwa ameangushwa kufika tarehe 15 Desemba, 1965. Siku ilipofika, kati ya wanachama zaidi ya 30 ni tisa tu waliotimiza neno. Sisi tulikuwa miongoni mwao, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7 na nusu. Tunalitaja jambo hili ili tusijifanye kwamba lawama zote ziko ng'ambo. Afrika nayo ilikuwa na maazimio yake ya karatasi.

Msumbiji ilipopata uhuru ilikuwa maskini kupita kiasi, na fedha zake nyingi za kigeni zilitokana na bandari na reli. Hata hivyo tarehe 3 Machi, 1976, Rais Samora Machel aliufunga mpaka wote na Rhodesia. Nchi hiyo changa ilikifanya kwa siku moja kile ambacho dola yenye manowari 76 haikukifanya kwa miaka tisa. Mafuta yakabaki na njia ya Afrika Kusini tu. Malipo yake yalikuwa damu: Agosti, 1976, askari wa Smith waliishambulia kambi ya Nyadzonya na kuwaua mamia ya watu, Novemba, 1977, ndege zake zilipiga Chimoio, Oktoba, 1978, zilifika hadi karibu na Lusaka. Ndege haziruki kwa maji. Tarehe 11 Desemba, 1978, wapiganaji wa ZANLA waliyapiga matangi makuu ya mafuta ya Salisbury, na moto wake uliwaka kwa siku kadhaa.

Miezi mitatu kabla ya moto huo, Septemba, 1978, siri yote ilikuwa imetolewa London katika ripoti ya mwanasheria Thomas Bingham na mhasibu Stephen Gray: Freight Services, mpango wa Total, mkutano wa Februari, 1968, na mengineyo. Bwana Wilson alisema hakuelezwa. Bwana Thomson alisema wenzake walielezwa. Mapema mwaka 1979 ikapendekezwa tume ya Bunge ichunguze walichokijua mawaziri. Baraza la watu wa kawaida lilikubali, Baraza la Malodi likakataa, na tume ikafa. Likabaki swali la kuwashitaki wenye makampuni kwa kuvunja sheria ya nchi yao. Desemba, 1979, mwezi uleule ambao mkataba wa uhuru wa Zimbabwe ulitiwa sahihi Lancaster House, mwendesha mashitaka mkuu wa Uingereza alitangaza kwamba hatamshitaki mtu yeyote.