MZIGO UMEFIKA STENDI, NYUMBANI UTAFIKAJE?

Sumbawanga si mchezo, ndugu msomaji. Vijana wengi wa mjini tukisikia jina hilo tunaanza hadithi za ungo na radi, wakati wenyeji watakwambia maana yake ni "tupa uchawi". Mimi leo siongelei uchawi. Naongelea safari ya kifurushi kutoka stendi hadi mlangoni kwa mwenyewe.

Zamani tulisingizia barabara: kiangazi vumbi, masika matope. Sasa kutoka Tunduma ni lami tupu, zaidi ya kilometa 220, matunda ya mkataba wa msaada ambao Rais Kikwete na Rais Bush wa Marekani walitia saini Dar mwaka 2008. Mzigo unapanda basi Dar, na haukawii kushuka Sumbawanga.

Kasheshe inaanzia hapo stendi. Kijana wa bodaboda anawasha pikipiki, anapeleka boksi moja la viatu kijijini, halafu anarudi mtupu. Petroli imeungua kwenda na kurudi, moshi tumeuvuta wote, na gharama yote kaibeba mwenye viatu. Hapo nani kafaidi?

Huku juu Ufipa, karibu meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, nchi ni ya nyasi na vilima vya wastani. Baiskeli inatamba, na maksai wanakokota magunia ya mahindi bila kudai tone la mafuta. Ila ukiteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa, unashuka kama meta 1,000. Kushuka raha, lakini kupanda na gunia kwenye baiskeli, mtu mzima atamwita mama yake! Pale injini ina haki yake. Basi gari lishuke na sabuni na madaftari, lipande na mpunga na samaki. Lisirudi tupu.

Wenzetu wa Hamburg, Ujerumani, walishtuka mapema. Mwaka 2012 kampuni ya UPS ilianza kuweka kontena la vifurushi katikati ya mji, wafanyakazi wakasambaza kwa baiskeli na kwa miguu. Sisi bado tunamcheka mwenye Phoenix!

Hata kisingizio cha "nyumba ya bati, karibu na mkaratusi" kimepungua. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilileta majina ya mitaa na namba za nyumba.

Ninavyoona mimi, kinachotumaliza ni haraka. Dawa ya mgonjwa haingoji, ipande pikipiki saa hiyohiyo. Lakini viatu vya disko, dada yangu, haviwezi kulala stendi hadi asubuhi viondoke na mizigo ya majirani wanne? Safari inakuwa moja, nauli mnagawana, na yule kijana wa baiskeli anayeshinda pale stendi naye anarudi kwake na unga wa watoto.